Mpangaji na Kura: Uchaguzi wa Baraza la Jiji katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Wenyeji wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, ile iitwayo kwa jumla Eastlands, wana neno kanjo, lililotoholewa kutokana na jina la Kiingereza la baraza. Kwa neno hilo hutajwa baraza lenyewe na askari wake awafukuzaye wachuuzi. Kwa miaka mingi lilimtaja pia mwenye nyumba. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maana hiyo ya mwisho ndiyo ufunguo wa historia ya uchaguzi wa mahali hapa. Mkazi wa Eastlands alikuwa mpangaji wa baraza kabla ya kuwa mchaguzi wake, na hata alipopata kura aliitumia kama mpangaji. Kiswahili chenyewe kilimsaidia, kwani neno kodi humaanisha malipo ya nyumba na pia malipo ya serikali. Kwa mtu wa Kaloleni au Ziwani, yote mawili yalidaiwa na bwana mmoja.

Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 1950, bwana huyo hakuchaguliwa na mpangaji. Waafrika wachache waliokaa barazani waliingia kwa uteuzi. Wawili kati yao, Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliuawa siku za vita vya Mau Mau, wa kwanza mwaka 1952 na wa pili mwaka 1953, na baadaye majina yao yakapewa mitaa mipya. Hivyo ramani ya Eastlands ina majina ya madiwani ambao wapangaji kwa jumla hawakupata kuwapigia kura. Siasa za wapangaji zilikuwa kumbini, hasa katika ukumbi wa Kaloleni, ambako mikutano ilifanywa na hoja zikajibiwa bila sanduku lolote.

Yafaa hapa kulitazama neno kura. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kale ni kubahatisha: vitu hutupwa, na bahati huamua. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaifahamu maana hiyo. Neno lililotaja bahati likaja kutaja hiari, nalo halikubadilishwa hata herufi. Mwezi Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wanane wa Baraza la Kutunga Sheria, hiari hiyo ilipimwa kwa mizani isiyo sawa. Mtu aliweza kuwa na kura moja, mbili au tatu, kwa kadiri ya elimu, kipato na sifa nyingine. Na Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alitakiwa kwanza kuwa na cheti cha utiifu kwa serikali. Katika Nairobi Tom Mboya alimshinda wakili Argwings-Kodhek.

Mwaka 1962 Charles Rubia akawa meya wa kwanza Mwafrika. Msomaji atambue kwamba meya hakuchaguliwa na wakazi, bali na madiwani wenyewe kwa wenyewe. Mkazi wa Bahati alimchagua diwani wa wadi yake, na diwani akaenda kumchagua meya. Kwa hiyo mtaani diwani hakupimwa kwa hotuba zake barazani. Alipimwa kwa bomba lililokauka, choo kilichoziba, kibanda cha sokoni, na kwa nyumba aliyoweza kumpatia mtu aliyengoja. Alikuwa mshenga baina ya mpangaji na mwenye nyumba. Wapangaji wa Makongeni na Muthurwa hawakuwa hata na ushenga huo, maana nyumba zao zilikuwa mali ya Reli, na bwana wa Reli hakupigiwa kura na mtu.

Mwaka 1983 serikali ililivunja baraza na kuweka tume. Hadi 1992 jiji halikuwa na diwani wala meya wa kuchaguliwa, lakini kodi iliendelea kukusanywa. Katika kipindi hicho hicho ukaja mlolongo. Katika mchujo wa KANU wa mwaka 1988 wapigaji kura walipangwa mistari hadharani nyuma ya mgombea, wakala wake au picha yake, kisha wakahesabiwa kwa vichwa. Lugha ilikuwa na neno foleni, la kambini na dukani. Hata hivyo mlolongo ndilo lililoshika, na hapana shaka lilistahili, kwa kuwa mlolongo ni kitu cha kufuatana tu. Ubaya wake mkubwa haukuwa ule wa kuonekana na jirani, ingawa huo nao ulitisha. Ni kwamba watu walipotawanyika hapakubaki karatasi ya kuhesabiwa tena. Ulalamishi ulienea kwamba milolongo mifupi ilitangazwa kuwa mirefu. Rubia, aliyekuwa meya, alitangazwa kushindwa katika Starehe. Mwezi Julai 1990 aliwekwa kizuizini, na mwishoni mwa mwaka huo chama kikaiacha njia hiyo.

Baraza lilirudi kwa uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992, likadumu hadi Machi 2013, Katiba ya 2010 ilipoanza kutumika katika kaunti. Sasa mkazi humpigia kura gavana moja kwa moja, na diwani amekuwa mwakilishi wa wadi, mmoja wa 85 wa Nairobi. Jina diwani, ambalo Vumba Kuu lilikuwa cheo cha mtawala, limebaki Tanzania kwa kazi hiyo. Kanjo halikuondoka: askari wa kaunti bado huitwa hivyo.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 iliongeza jambo lisilojulikana sana mitaani. Inaruhusu kura ya maoni ya mahali, pamoja na ile ihusuyo mipango na uwekezaji, ikiwa angalau asilimia 25 ya wapigaji kura walioandikishwa mahali hapo wametia saini ombi. Kura za maoni za kitaifa, ile ya ndizi na chungwa ya 2005 na ile ya 2010, ziliuliza habari za katiba. Hii ya mahali ingeweza kuuliza kama nyumba kuukuu za mtaa zibomolewe ili yajengwe maghorofa, na mpangaji aliyezilipia kodi tangu enzi ya babu yake angeitwa kujibu kwa karatasi.