Thelma Ritter na Uzito wa Mhusika Mdogo

Swali la umuhimu wa mhusika msaidizi huwatatiza wengi. Aghalabu mtahiniwa huandika kwamba mhusika huyo "anamjenga mhusika mkuu", kisha anaweka kalamu chini. Anamjenga vipi? Hebu tutoke kidogo kwenye vitabu teule tuitazame kazi ya Thelma Ritter, mwigizaji wa Marekani aliyejijengea jina kwa nafasi ndogondogo.

Ritter alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka wa 1902. Aliigiza jukwaani na redioni kabla ya kuingia katika filamu akiwa na miaka 45 hivi. Katika Miracle on 34th Street (1947) alikuwa mama aliyechoka kuzunguka madukani, na jina lake halikutajwa hata kwenye orodha ya waigizaji. Miaka mitatu baadaye, katika All About Eve (1950), akawa Birdie, mtumishi wa Margo, mwigizaji mashuhuri anayeigizwa na Bette Davis. Eve anapofika na masimulizi yake ya kuliza, wenzake wanamhurumia. Birdie ndiye wa kwanza kumshuku. Zingatia kwamba mtunzi hakumpa msomi jicho hilo, alimpa mtumishi. Nasi hadhira tunaonywa mapema, tukabaki kumtazama Margo akipuuza onyo. Hicho ni kinaya. Margo anapofumbuka macho, Birdie hatumwoni tena. Kazi yake imekwisha.

Mfano bora zaidi, kwa maoni yangu, ni Moe wa Pickup on South Street (1953). Moe huuza tai, na huwauzia polisi habari za wezi. Ungemwita mhusika bapa, hadi unapojua anachowekea akiba: kaburi lake mwenyewe, asije akazikwa katika makaburi ya maskini wasio na mtu. Usiku mmoja jasusi anamjia chumbani akitaka kujua aliko Skip, mwizi wa mifukoni. Moe, aliyezoea kuuza kila habari, hii haiuzi. Anauawa. Skip, aliyejidai hajali lolote, analifuata jeneza lake lisipelekwe kwenye makaburi yale yale aliyoyaogopa.

Ritter aliteuliwa mara sita kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, kwa filamu za kati ya 1950 na 1962. Hakushinda hata mara moja. Runinga ndiyo iliyompa nafasi ya mbele, mwaka wa 1955, katika The Catered Affair, mchezo wa Paddy Chayefsky, akiwa mama anayetaka kumfanyia bintiye harusi ambayo familia haiimudu. Mwaka uliofuata mchezo huo ukafanywa filamu, na nafasi ya mama akapewa nani? Bette Davis, yule yule aliyehudumiwa na Birdie. Ritter alirudi jukwaani, na huko akapata tuzo ya Tony mwaka wa 1958, sare na Gwen Verdon. Aliaga dunia Februari 1969.