Koki, bomba na kukatiwa

"Bomba limepasuka, funga bomba!" Ukipiga kelele hivyo usiku pale Isamilo, Mwanza, mtoto atakimbilia sinki la jikoni, na maji yataendelea kumwagika ukutani. Hana kosa. Bomba, neno tulilolipata kwa Wareno likiwa na maana ya pampu, kwetu limekuwa mrija wenyewe, na hapohapo limekuwa mdomo wa mrija. Sema "koki ya kwenye mita". Huko nje ndiko mkono unakotakiwa. Izungushe kulia mpaka ikaze. (Isiyoguswa miaka mingi hushika kutu, kwa hiyo ijaribu leo.)

Na vitenzi navyo. Maji ya ziwa yanayosukumwa kutoka Capripoint yakikoma bila mkosaji, twasema yamekatika. Bili isipolipwa, tumekatiwa. Kile kiambishi -i- kidogo kimebeba lawama yote. Aliyewahi koki hakukata chochote. Amefunga tu, kama mlango, na fundi akimaliza atafungua. Siku hizi nasikia "kata maji!" hata mtu akiwa ameshika koki yake mwenyewe. Masikio yangu bado yanakataa.