Madaftari ya Mabaraza ya Wazee na Jinsi ya Kuyatafuta

Wazee husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutumika sana dukani, lakini leo twataka kuitumia kwa mali ya namna nyingine, nayo ni habari za watu wetu wenyewe. Katika wilaya za Kenya yalikuwako mabaraza madogo ya hukumu, ambamo wazee walikaa kusikiliza mashauri ya mashamba, ng'ombe, mahari, madeni na urithi. Karani aliketi kando yao akiandika. Maandishi hayo ni hazina kubwa, na mengine yangali yapo hata leo. Lakini hayapatikani ila kwa mtu ajuaye njia ya kuyatafuta.

Huenda mtu akauliza, ‘Mashauri ya zamani yana faida gani kwetu?’ Jibu ni hili. Vitabu vya historia vyataja magavana, machifu na vita. Mkulima wa kawaida hatajwi, wala mwanamke aliyepika na kulima maisha yake yote. Lakini katika daftari la baraza twaona jina la mtu huyo, kijiji chake, mashahidi wake, na hesabu ya ng'ombe aliowadai. Kwa mabibi wengi wa zamani, huenda siku ile waliposimama mbele ya wazee ndiyo siku ya pekee ambayo kalamu iliandika maneno yao.

Mfano mmoja watoka nchi ya Wagusii. Mwaka 2006 mwanahistoria Brett Shadle alitoa kitabu juu ya kesi za wasichana zilizoletwa katika mahakama za huko. Mahari yalikuwa yamepanda, vijana wengi hawakuwa na ng'ombe wa kutosha, na wasichana wengine walitoroka kwenda kwa wanaume waliowapenda wao. Baba zao wakashtaki. Katika kesi hizo wanawake walijieleza, na maneno yao yakaandikwa. Kama maandishi yale yangalipotea, tungalijua bei ya mahari tu, tusijue msichana mwenyewe alisema nini.

Sasa tuingie katika njia ya kutafuta. Jambo la kwanza ni kuifuata mahakama yenyewe, maana mahakama hizi zilibadilishwa majina, na asiyejua mabadiliko hayo atauliza jina ambalo halikuwako wakati ule. Kanuni za kwanza za mahakama za wenyeji zilitolewa mwaka 1897. Sheria ya mwaka 1907 ilikubali mabaraza ya wazee huko bara, na mahakama za maliwali, mamudiri na makadhi huko pwani. Mwaka 1930 ikaja sheria mpya ya mabaraza ya wenyeji. Mwaka 1951 yakaitwa Mahakama za Waafrika. Kisha mwaka 1967 mahakama hizo zikaondolewa, na kazi yao ikaingizwa katika mahakama za mahakimu. Makadhi nao wakapata sheria yao mwaka huo huo.

Yatupasa kukumbuka hasa ile sheria ya 1930, kwa sababu ilibadili njia ya rufani. Mtu asiyeridhika na hukumu ya wazee hakwenda tena Mahakama Kuu. Rufani yake ilipanda mpaka kwa Mkuu wa Wilaya, yaani D.C., na baadaye kwa Mkuu wa Jimbo. Kwa hiyo shauri moja laweza kuwa na karatasi mahali pawili: daftari katika baraza, na jalada la rufani katika ofisi ya wilaya. Daftari likiwa limeliwa na mchwa, usikate tamaa, tafuta rufani. Karatasi nyingi za ofisi za wilaya ziliingia baadaye katika Nyumba ya Nyaraka za Taifa, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1965, nayo iko Nairobi katika barabara ya Moi Avenue. Karatasi hizo za wilayani zina thamani zaidi kwa kuwa mwaka 1939 moto uliunguza ofisi kuu ya Serikali huko Nairobi, na maandishi mengi yakateketea.

Jambo la pili ni kujitayarisha kabla ya safari. Andika majina ya mdai na mdaiwa, na majina ya baba zao. Uliza kama walibatizwa au waliitwa jina jingine wakati wa shauri. Andika mahali, na jina la chifu aliyetawala hapo. Andika kama lilikuwa shauri la madai au la jinai. Mwisho, tafuta mwaka. Wazee wengi hawakuhesabu kwa tarakimu, lakini watakuambia kwamba shauri lilikatwa wakati wa nzige, au wakati wa njaa, au askari waliporudi vitani. Nzige waliharibu nchi kati ya 1928 na 1931. Njaa kubwa ilikuwa 1943. Vita vilikwisha 1945. Hivyo neno la mzee lageuka kuwa mwaka, na mwaka ndio ufunguo wa rejista. Tena angalia tahajia: karani mmoja aliandika Wanjiku, mwingine Wanjiko, na mtu ni yule yule.

Jambo la tatu ni kwenda penyewe. Anza kwa mahakama ya hakimu iliyo karibu na mahali pa baraza la zamani, uulize masjala. Wengine hupotezwa hapa na neno kaunti. Tangu mwaka 2013 nchi ina serikali za kaunti 47, lakini mahakama ni za taifa. Ofisi ya gavana wa kaunti siyo itunzayo majalada ya kesi. Katika masjala omba rejista ya mwaka unaoutaka, tafuta majina, uandike namba ya kesi. Ukiwa na namba, omba nakala iliyothibitishwa kwa muhuri, ulipe ada, na uhifadhi risiti yako. Kama majalada hayapo, nenda kwenye Nyaraka za Taifa. Maandishi ya serikali yaliyopita miaka 30 kwa kawaida huwa wazi kwa wasomaji huko. Na kama shauri ni la ardhi ya pwani, kumbuka kwamba sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye kudai mashamba wayaandikishe madai yao, na maandishi hayo ni chanzo kingine.

Raia hasimami mlangoni kama mwombaji sadaka. Katiba ya mwaka 2010 yampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 yataka ombi lijibiwe katika siku 21. Andika barua fupi yenye adabu, utaje namba na mwaka, ubaki na nakala yake.

Hata hivyo tusisome madaftari kwa upofu. Karani alifupisha maneno. Mara nyingi aliyasikia katika lugha moja akayaandika katika nyingine. Mashahidi wengine walisema uongo, na wazee wengine walikuwa na upande. Kwa hiyo daftari halituambii daima nani alikuwa na haki. Latuambia kwa hakika nini kilidaiwa na nini kilihukumiwa. Lisome pamoja na masimulizi ya jamaa wa pande zote mbili.

Tena liko jambo la haraka. Sheria yaruhusu kesi za zamani kuharibiwa ili kupunguza shehena ya karatasi. Kabla ya kuziharibu, mahakama hutoa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kutoa muda wa miezi mitatu. Tangazo hilo husomwa na watu wachache sana. Mwanakijiji ambaye shamba la babu yake limeandikwa katika jalada moja tu hana habari kwamba miezi yake yahesabiwa. Basi yafaa kila shule na kila kijiji wawe na mtu mmoja wa kuyasoma matangazo hayo na kuwapa wengine habari.

Nanyi wanafunzi, kazi yenu ni nyepesi na haina gharama. Chukueni kalamu, mwende kwa wazee wa nyumbani, mwulize: ni shauri gani, mbele ya baraza gani, na wakati wa chifu yupi? Andikeni majibu hayo sasa. Rejista yaweza kungoja katika kabati kwa miaka mingi, lakini mzee ajuaye jina la kuitafutia hawezi kungoja hivyo.