Proksi ya kinyume: mlango mmoja, seva nyingi nyuma yake

Tangu Oktoba 1, 2024, mgeni kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar (ZIC). Bei yake ni dola 44 za Marekani kwa mtu mzima, na inakatwa mtandaoni. Unaweza kulipa kabla ya kupanda ndege, lakini si kila msafiri anakumbuka mapema. Mwengine anakumbuka akiwa tayari kwenye foleni ya Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, simu mkononi.

Huduma ya namna hii haipati wateja kwa mwendo mmoja. Kuna saa za kimya kabisa, halafu zinatua ndege tatu karibu karibu na mamia ya watu wanafungua ukurasa ule ule ndani ya dakika chache. Siku ya matokeo ya mitihani ni hivyo hivyo: skuli zote, wazazi wote, saa moja. Seva ikiwa peke yake inazidiwa, na ukurasa unabaki kuzunguka tu.

Dawa inayotumika duniani kote ni kuweka seva kadhaa, na mbele yao kuweka proksi ya kinyume inayogawa mzigo. Maelezo yafuatayo yanachukua huduma ya aina ya bima hiyo kama mfano wa kubuni. Hayahusu mitambo ya ZIC yenyewe.

Kwa nini "ya kinyume"?

Proksi ya kawaida inakaa upande wa mtumiaji. Ofisi, kwa mfano, inaweza kupitisha kompyuta zake zote kwenye proksi moja kabla hazijatoka kwenda kwenye intaneti. Hii imegeuzwa: inakaa upande wa seva na kupokea kila anayebisha hodi.

Ni kama mapokezi ya hoteli pale Shangani. Mgeni anaongea na mtu wa mapokezi tu. Nani anapika, nani anatandika, wako wangapi leo na nani anaumwa, hayo hayamuhusu.

Kwa kuwa iko mlangoni, proksi hupewa na kazi ndogo ndogo: kushughulikia usiri wa HTTPS, kutoa picha na faili zisizobadilika bila kuzisumbua seva za nyuma, kubana kurasa ili zisile bando. Programu mbili zinazojulikana sana ni nginx, iliyoandikwa na Mrusi Igor Sysoev na kutolewa mwaka 2004, na HAProxy ya Mfaransa Willy Tarreau. Matoleo yake ya msingi ni bure.

Seva ngapi?

Tuseme seva moja inamudu maombi 200 kwa sekunde, na kwenye kilele yanakuja 400. Hesabu ya haraka inasema seva mbili zinatosha. Zinatosha mpaka moja ife. Hapo iliyobaki inabebeshwa 400, nayo inaanguka, na sasa hakuna kitu. Kwa mzigo huo seva tatu ndio mwanzo, si anasa.

Kugawa kwa zamu, kwa wingi wa kazi au kwa anwani

Njia nyepesi ni zamu: ombi la kwanza kwa seva A, la pili kwa B, la tatu kwa C, kisha kurudi A. Inafaa kama kila ombi lina uzito sawa. Lakini kufungua ukurasa wa mwanzo na kutengeneza hati ya bima yenye msimbo wa QR si kazi moja. Hapo ni bora ombi jipya lipelekwe kwenye seva yenye kazi chache kwa wakati huo.

Njia ya tatu ndiyo yenye mtego, hasa kwa watu wa simu. Proksi inaangalia anwani ya IP ya mteja, na anwani moja inapelekwa seva moja siku zote. Inavutia kwa sababu taarifa za mteja aliyekwisha kuingia zinabaki sehemu moja. Shida ni kwamba simu nyingi za mtandao mmoja hutoka kwenye intaneti zikiwa zimeshirikiana anwani chache. Wateja wa Yas, Airtel, Vodacom au Halotel wanaweza kuwa maelfu, ila kwa proksi wakaonekana kama watu wachache tu. Abiria wote wanaotumia Wi-Fi moja ya uwanjani nao wanaweza kuonekana mtu mmoja. Isitoshe, njia hii kwenye nginx inasoma sehemu tatu za mwanzo tu za anwani ya IPv4, kwa hiyo hata anwani jirani zinaangukia seva ile ile. Matokeo yake A inahema huku B na C zimekaa tu.

Kwa huduma inayotumiwa zaidi kwa simu, njia hii si ya kuanza nayo. Taarifa za mteja ziwekwe kwenye hifadhi ya pamoja ambayo seva zote zinaisoma, halafu seva yoyote imhudumie. Tahadhari hiyo hiyo inahusu kumfungia anayetuma maombi mengi mno kwa kuangalia anwani peke yake: unaweza kufungia ndege nzima.

Kujua nani yuko hai

Proksi inayompeleka mteja kwenye seva iliyokufa haina maana. Nginx ya bure haiendi kupima yenyewe. Inasubiri ombi la mteja lishindwe, kisha kwa mpangilio wake wa kawaida inaitenga seva hiyo kwa sekunde 10. HAProxy ikiwashiwa upimaji inauliza kila sekunde 2: ikikosa jibu sahihi mara 3 mfululizo inaitoa seva kwenye zamu, na ikipata majibu mazuri mara 2 inairudisha.

Cha kuuliza nacho kina maana. Seva inaweza kupokea simu vizuri tu na huku imepoteza mawasiliano na hifadhidata. Upimaji unaoishia kuona kama mlango uko wazi utaipitisha.

Halafu kuna muda wa kusubiri. Nginx, usipoigusa, inaweza kungoja hadi sekunde 60 ili kuunganishwa na seva ya nyuma. Nani anangoja dakika nzima akiwa amesimama kwenye foleni? Muda huo ushushwe mpaka sekunde chache.

Dola 44 zisiwe 88

Hapa ndipo pesa ya mtu inapoingia. Mgeni anabonyeza "lipa". Proksi inalipeleka ombi seva A, A inawasiliana na benki, benki inakata pesa, halafu A inazimika kabla ya kujibu. Proksi haijui kilichotokea. Imeona kimya tu. Ikilipeleka ombi lile lile kwa B, mgeni anakatwa mara mbili.

Tangu toleo la 1.9.13 la mwaka 2016, nginx ikishalituma ombi la aina ya POST, ambalo ndilo hubeba malipo, hairudii kulituma kwenye seva nyingine mpaka iambiwe hivyo waziwazi. Iachwe hivyo hivyo.

Lakini hilo halimzuii mgeni mwenyewe kubonyeza tena, na atabonyeza. Kinga yake haiko kwenye proksi. Fomu ikifunguliwa ipewe namba yake ya kipekee, na hifadhidata ikatae malipo ya pili yenye namba hiyo. Ombi la pili lijibiwe kwa risiti ya lile la kwanza.

Na mlango wenyewe ukianguka?

Seva tatu nyuma ya proksi moja bado ni mfumo wenye roho moja. Unguja inalijua hili kwa upande wa umeme. Kisiwa kilikuwa kinategemea kebo moja ya chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Ilipopata hitilafu Mei 2008, giza lilidumu karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikaharibika tena, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Kebo mpya ya megawati 100 ilianza kazi mwaka 2013.

Kwa hiyo proksi ziwe mbili, na zishirikiane anwani moja. Programu kama Keepalived inaiwezesha ya kwanza kutoa ishara kila sekunde kwamba ipo. Ishara zikikatika kwa sekunde tatu hivi, ya pili inaichukua anwani na kuendelea. Mteja huenda asione chochote.

Mpango huo unahitaji kwa kawaida proksi zote ziwe kwenye mtandao mmoja wa ndani, na mara nyingi hiyo ina maana ya chumba kimoja, umeme mmoja na waya mmoja wa intaneti. Mei 12, 2024, hitilafu kwenye kebo za EASSy na Seacom zilidhoofisha intaneti Tanzania na nchi jirani. Huduma ambayo seva zake zote zipo Ulaya ilikuwa mbali na mtumiaji wa Mji Mkongwe siku hiyo, hata kama seva zenyewe zilikuwa nzima. Kwa huduma ya Zanzibar, mpango wenye mantiki ni kuwa na kundi moja Unguja na jengine Dar es Salaam, na DNS iwaelekeze watu kundi la pili pale la kwanza linapokatika. Gharama kubwa hapo ni kuweka hifadhidata mbili zikisema kitu kimoja, na kwa mfumo wa malipo hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko proksi yenyewe.

Mafundi wengi wanaishia kwenye kuandika mpangilio. Jaribio la kweli ni kuzima seva moja makusudi, mchana, watu wakiwa kazini, kisha kuizima proksi ya kwanza, na kuangalia kwenye simu ya kawaida yenye bando la kawaida kama malipo yaliyokuwa njiani yamefika mara moja tu. Lifanywe kabla ya Julai, msimu wa watalii haujapamba moto.