Mwanajeshi mstaafu anaweza kugombea urais? Katiba inasema hivi

Kila uchaguzi mkuu ukikaribia, wasikilizaji wetu huuliza: jenerali akistaafu, anaruhusiwa kugombea urais wa Tanzania? Wapo wanaouliza kwa matumaini kwamba mtu wa jeshi atanyoosha mambo. Wapo wanaouliza kwa hofu, hasa wenye ndugu upande wa Burundi na Kongo. Tumekusanya hapa mambo ya msingi ili msikilizaji usome taratibu kwenye simu yako.

Jibu kwa kifupi

Ndiyo, anaruhusiwa, lakini lazima awe ameshaondoka jeshini. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Haki anayobaki nayo ni ya kupiga kura. Kwa ibara hiyo, mwanajeshi si askari wa JWTZ peke yake. Wamo pia Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Kwa hiyo askari aliyeajiriwa katika kambi za JKT za Bulombora, Mtabila au Kanembwa naye anabanwa na katazo hilo.

Akishastaafu anakuwa raia kama mvuvi wa Kibirizi au mwalimu wa Kasulu. Masharti yake ni yale yale ya ibara ya 39: awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, awe na sifa za kuwa mbunge, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Hapa nchini hakuna mgombea binafsi. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, ilitoa hukumu dhidi ya sharti hilo katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, lakini halikuondolewa kwenye Katiba. Maana yake ni kwamba hata jenerali mwenye nyota nyingi lazima kwanza akubalike ndani ya chama.

Zamani haikuwa hivi

Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Serikali ikavunja jeshi lile, na Septemba 1 mwaka huo ikaundwa JWTZ. Jeshi jipya lilijengwa karibu na chama, na wanajeshi waliruhusiwa kuwa wanachama wa TANU, baadaye CCM. Ofisa wa jeshi aliweza kuwa katibu wa chama wilayani, hata waziri.

Mwaka 1992 nchi iliporudi kwenye vyama vingi, mlango huo ulifungwa. Wanajeshi waliokuwa kwenye siasa walitakiwa kuchagua: jeshi au chama.

Mfano wetu ni Kikwete

Jakaya Kikwete alikuwa mmoja wa waliochagua. Alikuwa amewahi kufundisha siasa kwenye chuo cha maofisa Monduli, akawa katibu wa chama Nachingwea na Masasi, kisha waziri. Mwaka 1992 alistaafu jeshi akiwa Luteni Kanali.

Hakupewa urais kwa sababu ya cheo hicho. Mwaka 1995 aliomba kuteuliwa na CCM akashindwa na Benjamin Mkapa. Alisubiri miaka 10. Mwaka 2005 aliwashinda Salim Ahmed Salim na Mark Mwandosya ndani ya chama, kisha akashinda uchaguzi wa Desemba 14 kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura. Hapo Luteni Kanali mstaafu akawa Amiri Jeshi Mkuu, na majenerali wakampigia saluti. Mwaka 2015 muda wake uliisha, akaondoka. Hadi sasa hakuna Mkuu wa Majeshi mstaafu aliyewahi kuwa Rais wa Tanzania.

Uganda

Kwa majirani zetu wa Uganda, wastaafu wengi wamegombea. Dkt. Kizza Besigye, Kanali mstaafu, alisimama dhidi ya Rais Museveni mwaka 2001, 2006, 2011 na 2016, na kila mara alitangazwa kushindwa. Mwaka 2021 waligombea Meja Jenerali mstaafu Mugisha Muntu, aliyewahi kuongoza jeshi la nchi hiyo, na Luteni Jenerali mstaafu Henry Tumukunde. Tumukunde aligombea bila chama, jambo ambalo huku kwetu haliwezekani. Wote wawili walipata kura chache. Cheo cha jeshi hakikuwaletea kura.

Burundi, jambo linalotugusa

Kwa watu wa Kigoma swali hili si la vitabuni. Meja Pierre Buyoya alichukua madaraka Burundi kwa mapinduzi mwaka 1987. Juni 1993 alisimama kwenye uchaguzi, akashindwa na Melchior Ndadaye, akakabidhi ofisi. Lakini Oktoba 21 mwaka huo huo askari walimuua Rais Ndadaye. Watu wakakimbilia mkoani kwetu kwa maelfu. Mwaka 1996 Buyoya akarudi madarakani, tena kwa mapinduzi.

Mei 2015, wakati wa mgogoro wa muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza mapinduzi yaliyoshindwa. Wengi wenu mnakumbuka wakimbizi waliojazana Kagunga, na MV Liemba ikiwaleta kwa makundi hadi bandari ya Kigoma.

Mwaka 2020 jenerali mwingine, Évariste Ndayishimiye, aliingia Ikulu kwa njia ya kura. Alikuwa Katibu Mkuu wa chama tawala, CNDD-FDD.

Mpiga kura aangalie nini?

Ukisikia mwanajeshi mstaafu anatajwa, uliza: Ameacha kazi ya jeshi rasmi? Ni mwanachama wa chama gani, na alipatikanaje huko? Anazungumzia bei ya mbegu, barabara na leseni za uvuvi, au anazungumzia nidhamu tu? Je, amesema wazi kwamba akishindwa atakubali?

Halafu kuna swali linalowahusu walio kambini bado: watatii matokeo, hata kama mwenzao wa zamani ameshindwa? Mwaka 1993 Buyoya aliyakubali matokeo. Waliobaki na bunduki hawakuyakubali, na gharama yake tuliiona sisi wa mwambao huu.