Maji ya Garsen Hufungiwa Masinga

Mto Tana una urefu wa kilomita 1,000 hivi, na koki yake iko Masinga. Mtu wa Garsen anaweza kuzeeka bila kuliona bwawa hilo, lakini tangu 1981 msimu wake wa kupanda mpunga, kunywesha ng'ombe au kuvua kambare unapangwa huko juu.

Mimi ni wa Mombasa, ila kwa kina mama ni Ngao, na utotoni neno "mafuriko" nililisikia kwa namna mbili. Redioni lilikuwa janga. Kwa nyanya lilikuwa kalenda. Mto ulifurika mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, ukaacha matope mashambani, na Wapokomo wakapanda mpunga maji yakianza kushuka. Shamba la ukoo lilikuwa ukanda mrefu, kuanzia ukingoni hadi mabondeni, ili kila familia ipate ardhi ya juu ya migomba na miembe na ardhi ya chini ya mpunga. Kiangazi kikikaza, Waorma walishuka na ng'ombe kutoka bara, wakafika mtoni kwa njia zinazoitwa malka. Wazee wa Gasa kwa Wapokomo na wa Matadeda kwa Waorma walikaa chini wakaelewana. Sisemi ilikuwa peponi, walipigana pia. Lakini angalau kila mtu alijua maji huja lini.

Kuugeuza mto huu hakukuanza na serikali, kusema kweli. Karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Mto Ozi, na Witu ikawa inatoza ushuru kwa mizigo inayopita. Mwaka 1889 na 1890 kampuni ya Waingereza, IBEA, iligombana na Sultani Fumo Bakari juu ya ushuru huo mpaka ikautwaa mfereji kwa nguvu. Baadaye mto wenyewe ukaupenda mfereji: maji yakaupanua, na leo Tana inaingia baharini Kipini. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kina kila kitu tutakachokiona tena. Yupo anayechimba, yupo anayekusanya pesa, na wapo wanakijiji ambao hakuna aliyewauliza.

Kisha ikaja stima. Kindaruma ilianza 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Mabwawa haya yamepangwa kama ngazi, kwa hiyo tone moja likitoka Masinga linazungusha mitambo mara tano kabla ya kuachwa liende zake. Hesabu tamu. Masinga ndiyo ghala: inabeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5, kazi yake ikiwa kuweka maji ya mvua yatumike wakati wa kiangazi. Nchi nzima ilikuja kuegemea ngazi hiyo moja.

Mwaka wa mvua nzuri, hakuna anayelalamika sana. Ukame ndio unaotoa siri. Mvua ziliposhindwa 1999 na 2000, mabwawa yalishuka hadi taifa likaingia mgao wa stima, viwanda vikasimama, na serikali ikakodi majenereta ya dizeli. Wenzetu wa Nairobi bado wanasimulia mishumaa ya mwaka ule. Juni 2009 kituo cha Masinga kilizimwa kabisa kwa sababu ya kina cha maji. Nyakati kama hizo kila lita huwa na bei mbili: itoke sasa izalishe umeme, au ibaki ili mwezi ujao pasiwe na giza. Katika mzani huo, mpunga wa Garsen haupo.

Wahandisi wana hoja yao, na ni ya kweli. Mabwawa yamepunguza makali ya kiangazi, kwa kuwa maji ya mitambo hutiririka hata mvua ikikosa. Bila hayo, mto ungekuwa mwembamba zaidi. Lakini delta hailishwi na mtiririko mdogo wa kila siku. Inalishwa na wimbi, maji yanayopanda ukingo na kuingia mabondeni na kwenye maziwa kama Shakababo na Bilisa. Wimbi hilo ndilo mabwawa yamelipunguza. Na baada ya ukame mrefu, mvua ya kwanza ya milimani hujaza ghala kwanza. Juu wanashangilia, chini kiangazi kinaendelea.

Halafu ghala likijaa, maji yote huja pamoja. El Niño ya 1997 ilivunja kuta za mradi wa mpunga wa TARDA karibu na Garsen. Mwaka 2023, baada ya misimu mitano mfululizo kukosa mvua, Novemba ilileta mafuriko yaliyobomoa nyumba na barabara za Tana River, ardhi ikiwa bado na mifupa ya ng'ombe.

Agosti 22, 2012, zaidi ya watu 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, na mauaji ya kulipiza yakaendelea hadi Desemba. Magazeti yaliandika "vita vya maji na malisho". Nalipinga jina hilo kwa upande mmoja: kulikuwa na siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia, na mizozo ya kupima ardhi iliyodumu miaka. Ila bonde lisilofurika ni bonde ambalo mkulima na mfugaji wote wanalitaka mwezi huohuo, na ratiba ya zamani ya kupishana haifanyi kazi tena.

Sasa kuna mpango wa High Grand Falls, bwawa litakalokuwa chini ya Kiambere na kubeba zaidi ya mara tatu ya Masinga. Likijengwa, hata mito ya Mlima Kenya ambayo hadi leo inaingia Tana chini ya Kiambere na kuleta mafuriko kidogo itapita kwenye koki.

Kule Ozi, karibu na mdomo wa mto, wakulima hutumia bahari kumwagilia: maji ya bamvua huyasukuma maji matamu ya mto yapande mashambani. Mto ukidhoofika, kinachopanda ni chumvi. Siku hizo mkulima hutia kidole mferejini, akakilamba, ndipo aamue kufungua shamba au kuliziba.