Ndizi za Mbalaga na Wenzako

Kwa mama ntilie Mbeya mjini unaagiza ndizi, unakula, unalipa, unasepa. Zamani Rungwe haikuwa hivyo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, anaeleza katika Good Company (1951) jinsi wavulana walivyojenga kijiji chao wenyewe, ila chakula wakakifuata kwa mama zao, kundi zima, leo nyumba hii, kesho ile. Raha hiyo ya kuwa na wenzako iliitwa ukwangala. Safi sana, lakini nani alikuwa jikoni? Akina mama, na kwenye mduara ule hawakuwemo. Mbalaga bado tunazipika nyumbani. Ukwangala nao turudishe, ila safari hii mpishi akae nasi.